Mama aliyekwenda kuiona barabara iliyomvunja mwanawe mguu

“Alikuwa anakimbiza?”

Hilo ndilo swali aliloulizwa mara nyingi zaidi mama mmoja mkazi wa Mbagala, jijini Dar es Salaam, tangu usiku ule alipopigiwa simu kwamba kijana wake ameanguka na pikipiki. Aliulizwa na jirani aliyemsindikiza hospitali. Akaulizwa na shemeji yake kwenye simu. Akaulizwa na mama mwenzake wa kikoba. Na mumewe hakuuliza kabisa, alisema tu, “Hawa watoto hawasikii.”

Yeye mwenyewe hakuwa na jibu. Alichokiona kwa macho yake ni kijana wa miaka 24 aliyelala kwenye machela, mguu wa kulia umebanwa kwa vipande viwili vya mbao na kufungwa na kitenge cha mtu asiyemjua, na kofia ngumu imewekwa pembeni ikiwa na mchubuko mrefu upande mmoja. Mchubuko ule aliutazama kwa muda mrefu. Kama si ile kofia, ungekuwa kwenye fuvu.

Kijana alikuwa bodaboda kwa miezi saba. Alimaliza kidato cha nne, akauza maji barabarani, akabeba zege, kisha akapata pikipiki ya mkataba: kila siku anampelekea tajiri Sh10,000, na mkataba ukiisha pikipiki inakuwa yake. Mama yake ndiye aliyetafuta mdhamini. Ndiye pia aliyemnunulia ile kofia, kwa fedha ya faida ya samaki wa kukaanga, akamwambia, “Baba, hii usiivue hata ukienda kununua vocha.” Kila usiku ilipofika saa mbili alikuwa akitega sikio kusikia mlio wa pikipiki ukikata kona ya nyumba yao, na akiusikia ndipo hulala.

Usiku ule mlio haukusikika.

Mfupa uliotoka nje

Daktari aliieleza familia kwamba mfupa wa ugoko umevunjika na kutoboa ngozi. Kwa mzazi asiyejua, mguu uliovunjika ni mguu uliovunjika, unafungwa hogo na baada ya wiki kadhaa mtu anatembea. Lakini ugoko ni sehemu isiyo na nyama nyingi kwa mbele. Ukivunjika kwa nguvu, mfupa hupasua ngozi kwa urahisi, na pale unapokutana na udongo au maji machafu ndipo vijidudu huingia. Ndiyo maana mgonjwa wa aina hii huanza kwa kuoshwa kidonda chumba cha upasuaji na kupewa dawa za kuzuia maambukizi, na mara nyingi hufungwa vyuma vinavyochomoza nje ya ngozi hadi kidonda kitulie. Safari ya kupona huhesabiwa kwa miezi.

Kijana huyu alikuwa ameangukia kwenye mtaro wa maji machafu.

Wenzake wa kijiweni walifanya jambo moja jema ambalo wengi hulikosea. Hawakumpakia katikati ya watu wawili kwenye pikipiki nyingine, kama majeruhi wengi wanavyobebwa. Mmoja aliufunga mguu na mbao ili usichezecheze, mwingine akasimamisha bajaji, wakamlaza kwenye kiti cha nyuma. Hawakujaribu kuurudisha mfupa ndani. Muuguzi aliwaambia kwamba hilo lilisaidia.

Wiki mbili za kwanza zilikula akiba ya kikoba, kisha zikala mtaji wa samaki. Mdogo wake wa kike, aliyekuwa anajiandaa kwenda kidato cha tano, alianza kusikia maneno ya “tutaona” kila alipotaja begi na godoro la shule. Tajiri wa pikipiki naye alifika kusalimia mgonjwa. Alikuja na machungwa, akaongea kwa upole, na alipoinuka kuondoka akauliza kama pikipiki inatengenezeka na hesabu itakuwaje.

Ni baada ya ugeni ule mama alipoamua kwenda kupaona mahali penyewe.

Alichokikuta

Alikwenda alfajiri akitoka kuchukua samaki, kisha akarudi tena siku hiyohiyo saa mbili na nusu usiku, saa ileile mwanawe aliyoanguka. Ni barabara ya mtaa, lami nyembamba yenye viraka, inayopita mbele ya shule ya msingi. Anaifahamu miaka yote. Lakini hakuwahi kuitazama kama mtu aliye juu ya pikipiki.

Mchana aliona tuta. Lilikuwa limejengwa kwa zege, fupi kwa upana na refu kwenda juu, lenye mgongo mkali kama wa samaki. Halikuwa na rangi na hakukuwa na kibao kabla yake. Halikufika ukingoni. Upande wa kushoto liliacha nafasi ya hatua moja ili maji ya mvua yapite. Na pembeni ya nafasi hiyo kulikuwa na mtaro ambao mfuniko wake haupo.

Alisimama pale kwa muda akihesabu. Pikipiki zote zilizopita, isipokuwa tatu, hazikupanda tuta. Zilikwepa kushoto na kupita kwenye ile nafasi, gurudumu likiwa shubiri chache kutoka kwenye mtaro. Walifanya hivyo vijana na watu wazima, wenye abiria na wasio na abiria. Tuta lile lilikuwa linakwaruza chini ya pikipiki, na abiria aliyebeba mzigo alikuwa anarushwa juu. Nafasi ya pembeni ndiyo iliyokuwa njia.

Usiku hapakuwa na taa hata moja. Lami nyeusi, tuta jeusi, mtaro mweusi. Aliona taa ya pikipiki ikija, ikafunga breki ghafla, ikayumba kushoto, ikapita. Dereva hakujua kwamba ameponea wapi.

Mama alirudi nyumbani akijua mwanawe alifanya nini. Alifanya kile ambacho kila mtu anakifanya pale, ila usiku ule gurudumu la mbele lilikwenda shubiri moja zaidi.

Kulikuwa na jambo jingine alilolijua, na hilo ndilo lililomnyima usingizi. Tuta lile lilijengwa na wakazi wenyewe, mwaka mmoja kabla, baada ya mtoto wa darasa la pili kugongwa na pikipiki akitoka shule. Mtoto alipona, lakini wazazi walikasirika, wakachangishana, wakanunua saruji, fundi akajenga Jumapili moja. Mama huyu alitoa Sh2,000. Alikuwepo wakati zege linamwagwa. Alipika hata uji wa mafundi.

Baba naye akaenda

Mumewe aliendesha malori miaka mingi kabla ya kustaafu. Kwake kila ajali ilikuwa na jibu moja: dereva. Alipoambiwa habari za tuta na mtaro alisema, “Mama watoto, mimi nimepita barabara mbovu nchi nzima, mbona sijaanguka?”

Mkewe hakubishana naye. Alimwomba tu amsindikize saa mbili usiku.

Mzee alisimama kwenye ukingo wa barabara akiwa na tochi ya simu, akatazama, akainama, akapima mtaro kwa mguu. Kisha akasema jambo ambalo mama hakulitegemea. Alisema lori linapokutana na shimo, magurudumu mengine yanalishikilia. Pikipiki ina magurudumu mawili tu, na la mbele likipotea hakuna la kulisaidia. Dereva wa gari akikosea anasikia kishindo. Wa pikipiki akikosea anaisikia barabara kwa mwili wake.

Katika maneno hayo machache mzee aligusa kile ambacho wataalamu wa usalama barabarani wamekuwa wakikisema kwa miaka mingi. Barabara nyingi zimepimwa kwa macho ya mtu aliye ndani ya gari. Kitu ambacho kwa gari ni usumbufu mdogo, kwa pikipiki kinaweza kuwa mwisho wa safari. Kokoto zilizomwagika kwenye kona. Mfuniko wa chuma wa chemba ukiwa umelowa mvua. Ukingo wa lami uliokatika na kuacha ngazi kati ya lami na udongo. Mchanga ulioletwa na maji. Shimo lililojaa maji likaonekana kama dimbwi la kawaida. Tuta lisilo na rangi.

Kosa la nani?

Hakuna anayesema madereva wa bodaboda hawana makosa. Wapo wanaopita taa nyekundu, wanaobeba mishikaki, wanaoendesha wakiwa wamelewa au wamechoka, wanaoning’iniza kofia kwenye mkono badala ya kuivaa kichwani. Mwendo nao unaua. Shirika la Afya Duniani linaeleza kwamba wastani wa mwendo ukiongezeka kwa asilimia 1 tu, hatari ya ajali inayoua huongezeka kwa takriban asilimia 4. Na kofia ngumu inayofungwa vizuri imethibitika kupunguza kwa kiasi kikubwa vifo na majeraha ya kichwa. Familia hii inalijua hilo bila kusoma popote, kwa kuwa ule mchubuko wa kofia bado upo.

Lakini mzazi anayeishia kumwambia mwanawe “kuwa mwangalifu” anakuwa amefanya nusu ya kazi. Binadamu hukosea. Huchoka, hupepesa macho, hushtuliwa na mbwa. Barabara nzuri ni ile inayotarajia kwamba mtu atakosea, ikahakikisha kosa dogo halimgharimu mguu wala maisha.

Kwa takwimu za shirika hilohilo, watu wapatao milioni 1.19 hufa kila mwaka duniani kutokana na ajali za barabarani, na zaidi ya nusu yao ni watembea kwa miguu, waendesha baiskeli na watumiaji wa pikipiki. Vifo tisa kati ya kumi hutokea katika nchi za kipato cha chini na cha kati. Na jambo ambalo kila mzazi angepaswa kulijua: kwa watoto na vijana wa umri wa miaka 5 hadi 29, ajali za barabarani ndizo zinazoongoza kwa kuua kuliko ugonjwa wowote. Tunawapeleka kliniki, tunawachanja, tunawatundikia vyandarua. Kisha wanatoka nje ya geti.

Mahali palipobadilishwa

Kwamba barabara inaweza kubadilishwa ili pikipiki ziwe salama si nadharia. Malaysia, nchi yenye pikipiki nyingi sana, ilianza miaka ya 1970 kujenga njia ya pikipiki peke yake pembeni ya barabara kuu inayoelekea Kuala Lumpur, ikiwa imetenganishwa kabisa na magari. Njia hiyo ilipoongezwa urefu miaka ya 1990, watafiti walilinganisha ajali za kabla na za baada, wakakuta ajali za pikipiki zimepungua kwa zaidi ya theluthi moja. Madereva walikuwa walewale na pikipiki zilezile. Kilichobadilika ni barabara.

Si kila mtaa unaweza kupata njia ya peke yake, wala si lazima. Yapo mambo madogo yanayofanya kazi kubwa: bega la barabara lililowekwa lami, ili pikipiki isibanwe kati ya daladala na mtaro, mistari inayoonekana usiku, mitaro iliyofunikwa, kona zinazofagiliwa mchanga baada ya mvua, kijiwe cha bodaboda kilichotengwa mbali kidogo na makutano, ili pikipiki zisiingie barabarani kwa kushtukiza, taa kwenye vivuko.

Wahandisi wana hata njia ya kuipa barabara nyota, kutoka moja hadi tano, kama hoteli zinavyopewa. Barabara moja inaweza kupata nyota nyingi kwa mwenye gari na nyota moja tu kwa mwenye pikipiki. Nchi wanachama wa Umoja wa Mataifa zilikubaliana malengo ya hiari ya usalama barabarani, na mojawapo ni kwamba ifikapo mwaka 2030 barabara zote mpya ziwe na angalau nyota tatu au kiwango kinacholingana nacho, kwa watumiaji wote.

Na si lazima kwenda Malaysia. Hapahapa Dar es Salaam, shule za msingi zilizokuwa kwenye barabara hatari zimewahi kutengenezewa njia za miguu, matuta ya kitaalamu, vivuko na vizuizi vya kutenganisha wanafunzi na vyombo vya moto. Kazi hiyo ya shirika la Amend ilifuatiliwa na watafiti, na majeraha ya watoto yalipungua kwa takriban robo. Mwaka 2019 ilipata tuzo ya kimataifa ya miji inayotolewa na taasisi ya WRI. Ujenzi wake haukuwa wa fedha za kutisha. Ulikuwa wa kupima kwanza, kisha kujenga.

Hapo ndipo penye tofauti na lile tuta la Jumapili. Wazazi wa Mbagala hawakukosea kutaka tuta. Mwendo ukipungua mbele ya shule, watoto wanapona. Walichokikosa ni vipimo. Tuta la kitaalamu ni pana kiasi cha mita tatu na zaidi, halizidi sana kimo cha sentimita 10, mgongo wake ni wa duara, limepakwa rangi, lina kibao kabla yake, na haliachi upenyo wa kumvuta mwenye pikipiki kuelekea mtaroni. Linalipunguza gari na pikipiki kwa pamoja, na halimrushi mtu.

Mkutano wa mtaa

Mama alisubiri mkutano wa mtaa. Ajenda zilikuwa taka, ulinzi shirikishi na mengineyo. Alisimama kwenye mengineyo.

Alianza kwa kukiri. Alisema, “Tuta lile nilichangia na mimi. Nilitaka watoto wetu wawe salama. Sasa limemvunja mwanangu.”

Kijana mmoja nyuma alipaza sauti kwamba basi livunjwe leo hii. Wengine wakapiga makofi. Hapo aliinuka mama mwingine, mama wa yule mtoto wa darasa la pili. Alisema mwanawe hadi leo akisikia honi anamshika mkono kwa nguvu, na kwamba likivunjwa tuta, yeye atalala barabarani. Mkutano ukanyamaza.

Wamama wale wawili walitazamana. Mmoja ana mtoto aliyegongwa na pikipiki, mwingine ana mtoto aliyeangushwa na tuta lililojengwa kuzuia pikipiki. Ingekuwa rahisi kugombana, na walikuwepo waliotarajia hivyo. Mama wa bodaboda alisema hataki livunjwe likaachwa wazi. Anataka lijengwe lingine la kueleweka, na mtaro ufunikwe. Mwenzake akasema, “Hilo nakuunga mkono, dada yangu.”

Kisha alizungumza mwenyekiti wa kijiwe cha bodaboda, aliyewasalimia kwanza wazee kwa shikamoo. Alisema vijana wake wanajua sehemu zote mbaya za mtaa ule kuliko mtu yeyote, ila hawajawahi kuulizwa. Alizitaja palepale: kona ya mchanga karibu na kisima, kalavati lililopasuka, shimo la mbele ya duka la dawa, na mtaro. Mtendaji aliandika.

Walikubaliana mambo mawili. La kwanza lisingesubiri mtu: wakazi na kijiwe walichanga nondo na saruji, fundi akafyatua mfuniko wa zege, na ndani ya wiki moja mtaro ulifunikwa. Vijana wa kijiweni wakapaka tuta chokaa nyeupe ili lionekane. La pili lilihitaji ofisi: barua yenye picha zilizopigwa kwa simu, mchana na usiku, orodha ya sehemu zote nne, na tarehe za watu walioanguka ambao kijiwe kiliwakumbuka. Barua iligongwa muhuri wa mtaa, na mama akaomba nakala yake.

Ilichukua zaidi ya miezi mitatu na safari kadhaa za kufuatilia. Hatimaye wahandisi walifika, wakapima, wakavunja tuta la zamani na kujenga jipya, pana na la duara, lenye mistari myeupe na kibao. Shimo la mbele ya duka la dawa lilizibwa. Taa hazijafika bado. Kona ya kisima bado ina mchanga, na vijana wanaifagia kwa zamu mvua zikinyesha.

Anachoweza kufanya mzazi

Mzazi mwenye kijana anayeendesha pikipiki, au mwenye mtoto anayepanda bodaboda kwenda shule, ana mambo ambayo yako mikononi mwake.

Kwanza, ajue njia. Muulize kijana ni wapi huwa anaogopa kupita. Si swali la kumlaumu, na majibu yake yatakushangaza. Ikiwezekana pita hapo kwa miguu, mchana na usiku.

Pili, piga picha na uandike tarehe. Malalamiko ya mdomo husahaulika, lakini picha yenye tarehe na jina la eneo inafuatilika. Barua ipitie serikali ya mtaa au kijiji. Kwa jumla, barabara za mitaa na vijijini husimamiwa na TARURA, na barabara kuu na za mikoa husimamiwa na TANROADS. Kujua barabara yako iko upande gani kunapunguza kuzungushwa.

Tatu, msijenge tuta kwa hasira. Ombeni mtaalamu apime. Kama kuna hatari ya haraka, wekeni alama zinazoonekana kwanza, na msiache upenyo wa pembeni wala jiwe barabarani.

Nne, washirikisheni bodaboda wenyewe. Wanaitwa kwenye mikutano kuonywa. Waiteni pia kuuliza.

Tano, kofia ngumu ni ya dereva na ya abiria, na ifungwe kidevuni. Kofia isiyofungwa hutoka kichwani kabla kichwa hakijafika chini. Na kama mtu ameanguka, mkandamizie kidonda kinachotoka damu kwa kitambaa safi, ufunge mguu au mkono usichezecheze, usiurudishe mfupa ndani, usimpe chakula wala kinywaji, na umpeleke akiwa amelala.

Mlio wa pikipiki

Kijana alitolewa vyuma, akatembea na magongo, kisha na gongo moja. Kabla hajaliacha hilo la pili alianza kuzungumzia kurudi kazini. Tajiri alikuwa amekubali kusogeza mkataba mbele, jambo ambalo si wote wanaolifanya. Pikipiki ilitengenezwa uma wa mbele na taa.

Nyumbani halikuwa jambo jepesi. Mama hakutaka. Alimwambia amtafutie meza ya kuuza samaki. Kijana alimsikiliza hadi mwisho, kisha akasema, “Mama, mdogo wangu amekwenda shule bila godoro kwa sababu yangu. Niache nirudi.” Baba ndiye aliyekata shauri. Alisema kijana atarudi, ila miezi miwili ya kwanza asifanye kazi usiku, na kabla hajabeba abiria wa kwanza atembee naye barabara zote za mtaa, mzee akiwa amepanda nyuma.

Walizunguka siku nzima, baba akiwa nyuma na kofia aliyoazimwa kijiweni, akinyoosha kidole kila penye kona. Walipofika kwenye tuta jipya kijana alipunguza mwendo, akalipanda katikati, akashuka upande wa pili bila kishindo. Mzee hakusema kitu. Walipofika nyumbani alimwambia mkewe kwamba kile ni kitako cha mti, kesho anaumwa mgongo.

Mkataba sasa umebaki na miezi michache. Godoro limenunuliwa. Mama amerudi kwenye samaki, na kila alfajiri akipita mbele ya shule huitazama ile mistari myeupe. Mvua za masika zimeanza kuifuta. Amekwisha mwambia mwenyekiti mara mbili, na ile nakala ya barua anatembea nayo kwenye pochi.

Usiku bado anatega sikio.